SOMO LA LUGHA: NENO "GENDER" NA JAMAA ZAKE



Katika ukurasa huu wa lugha twataka leo tufundishane maneno machache ya Kiingereza ambayo hapo zamani yalikuwa ya wanavyuoni wa Ulaya na Marekani peke yao, na sasa yameingia majumbani mwetu. Yamo katika Katiba ya Kenya, yamo katika fomu za serikali, yamo katika magazeti na katika vitabu wanavyosomeshwa watoto wetu vyuo vikuu. Nasi tumeona kuwa watu wetu huyapokea kwa njia mbili, na zote mbili si njema. Kuna wayasikiao wakayaitikia yote bila ya kujua yasemavyo, ili waonekane kuwa wamesoma. Na kuna wayasikiao wakaghadhibika kabla hayajafasiriwa, wakadhani kuwa kila penye neno hili pana mtego. Yule wa kwanza hutia sahihi asichokijua, na huyu wa pili hujibu asichoulizwa.

Sisi twasema: kulielewa neno si kulikubali, na kulikataa neno kabla ya kulielewa si elimu. Kadhi hatoi hukumu mpaka ayasikie madai na ajue kila mmoja akusudia nini. Basi na tuyasikize maneno haya, moja baada ya moja: asili yake, maana yake, na mahali ambapo mtu aweza kuteleza.

1. "SEX" NA "GENDER"

Neno "sex" asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni umbile la kiume au la kike alilozaliwa nalo kiumbe. Baadaye, katika karne ya 20, likazoeleka pia kwa maana ya tendo la mume na mke, na hii ni sababu moja iliyowafanya Waingereza wengi kuona haya kuliandika katika fomu, wakaweka "gender" mahali pake.

Ama "gender", asili yake ni neno la Kilatini "genus", maana yake aina, likapitia Kifaransa mpaka likafika Uingereza. Kwa karne nyingi kazi yake kubwa ilikuwa katika nahau. Lugha kama Kilatini, Kifaransa na Kiarabu huyagawa majina yake kwa ume na uke. Katika Kiarabu jua ni la kike na mwezi ni wa kiume, wala hapana mtu adhaniaye kuwa jua huzaa. Mwaka 1926 Fowler, katika kitabu chake mashuhuri cha matumizi ya Kiingereza, alishikilia kuwa neno hili ni la nahau tu, na kwamba mwenye kulitumia kwa watu ama afanya mzaha ama amekosea.

Lakini lugha haikumngojea Fowler. Mwaka 1955 John Money, mtaalamu aliyezaliwa New Zealand na kufanya kazi Marekani, aliandika juu ya "gender role", yaani mwenendo na kazi zinazotarajiwa kwa mtu kwa kuwa ni mwanamume au mwanamke. Mwaka 1968 tabibu wa maradhi ya nafsi, Robert Stoller, alitoa kitabu kilichoyatenga maneno haya mawili waziwazi. Na mwaka 1972 Ann Oakley wa Uingereza akautia mgawanyiko huo katika elimu ya jamii: "sex" ni umbile la mwili, na "gender" ni yale ambayo watu wameyajenga juu ya umbile hilo, kama mavazi, kazi, adabu na matarajio.

Ushahidi wa mabadiliko haya tunao hapa kwetu. Mwaka 1979 Margaret Strobel alichapisha kitabu juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, na katika jina lake kuna neno la wanawake tu. Mwaka 1998 Susan Hirsch alichapisha kitabu juu ya mashauri katika mahakama za kadhi za pwani yetu, na katika jina lake limo neno "gender". Mji ni huu huu na watu ni hawa hawa. Kilichogeuka ni suali: zamani waliuliza wanawake wafanyani, na sasa wauliza uanamume na uanamke hutengenezwaje katika maneno na mashauri.

Kwa hiyo akutanaye na "gender" na ajiulize iko katika maana gani katika tatu hizi: ni ya nahau? Ni ya adabu, yaani imewekwa mahali pa "sex" kwa kuona haya? Au ni ya elimu ya jamii? Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu msemaji ana maana moja na msikilizaji ana nyingine.

Sasa tuangalie Kiswahili. Sisi twasema "jinsia" kwa yote mawili. Neno hili limetokana na "jins" la Kiarabu, nalo Waarabu walilipata kutoka Kiyunani, "genos". Na "genos" la Kiyunani na "genus" la Kilatini ni ndugu wa asili moja. Kumbe basi "jinsia" na "gender" ni watoto wa ukoo mmoja, mmoja amepita njia ya Mashariki na mwingine njia ya Magharibi! Lakini udugu wa asili hauleti umoja wa maana. Vijana wetu wanaokwenda kufanya kazi nchi za Ghuba nawajue kuwa katika fomu ya Kiarabu "al-jins" ni mume au mke, na "al-jinsiyya" ni uraia. Mwenye kuandika "mwanamke" mahali pa uraia amepotezwa na Kiswahili chake. Na Waarabu wa leo wakitaka kufasiri "gender" ya elimu ya jamii, husema "an-nau al-ijtimai", yaani aina ya kijamii.

Waandishi wengine wa Tanzania wamependelea kuweka "jinsi" kwa "sex" na "jinsia" kwa "gender". Ni jambo jema, ila kwetu "jinsi" ina kazi nyingine pia, kama tusemapo "jinsi ya kupika". Katika somo hili tutasema "umbile" kwa la kwanza na "jinsia" kwa la pili.

2. "NORM" NA "STEREOTYPE"

"Norm" ni neno la mafundi. "Norma" kwa Kilatini ni kile kipimo cha seremala cha kuhakikishia kuwa pembe imekaa sawa. Kisha likahamishwa kutoka mbao hadi kwa watu, na "social norm" ikawa ni desturi ambayo jamii huitumia kupimia mwenendo wa mtu. Angalia kuwa si kila lifanywalo na wengi ni "norm" kwa maana hii. Watu wengi hunywa chai asubuhi, lakini asiyekunywa hasemwi. "Norm" ni ile ambayo mwenye kuivunja husemwa.

Neno hili twalihitaji sana, kwani latusaidia kutenga mambo mawili ambayo watu wetu huyachanganya: dini na ada. Mafaqihi waliijua ada, wakaipa heshima yake, wakakubali iwe hakimu pale ambapo hapana nassi. Walakini hawakuifanya ada kuwa ndiyo dini.

Na tutoe mfano. Buibui lilienea katika miji yetu mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla ya hapo wanawake waungwana wa Lamu na Mombasa walikuwa wakitembea ndani ya shiraa, turubali lililobebwa na watumwa, na mtumwa wa kike hakuruhusiwa kujifunika kama bibi yake. Utumwa ulipokomeshwa kisheria, Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, wanawake waliokuwa watumwa nao wakajifunika, ikawa ni alama ya kuwa ni watu huru. Basi kusitiri mwili ni amri ya dini, haikuanza na nguo yoyote. Lakini kwamba sitara hii ni ya bibi na ile si ya mjakazi, hiyo ilikuwa "norm" ya jamii, na pamoja nayo ilikuwako dhuluma iliyovishwa vazi la heshima. Asiyekuwa na maneno mawili kwa mambo mawili hawezi kuuona mpaka huu.

Ndiyo maana marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyetoa gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, alipotaka watoto wa kike wasomeshwe hakuwa akibomoa dini. Alikuwa akiipima ada kwa kipimo cha dini, na watu wengi walikuwa wakiipima dini kwa kipimo cha ada.

"Stereotype" ni neno la wapiga chapa. Huko Ufaransa, mwishoni mwa karne ya 18, Firmin Didot na wenzake walitumia jina hili kwa bamba zima la madini lililomiminwa kutokana na herufi zilizokwisha kupangwa, ili ukurasa ule ule uchapishwe mara nyingi bila kupangwa upya. Mwaka 1922 Mmarekani Walter Lippmann akalihamishia kwenye fikra: picha iliyokwisha kumiminwa katika akili, ambayo mtu huichapa juu ya kila amwonaye bila kumtazama. "Wanawake hawawezi hesabu" ni bamba. "Mwanamume hali" ni bamba. Na vile vile "Mwislamu humfungia mkewe ndani" ni bamba, nalo lachapwa juu yetu kila siku. Asiyependa kuchapwa bamba na wageni asimchape bamba dada yake.

3. "IDENTITY"

Hili limetoka katika neno la Kilatini "idem", maana yake "kile kile". "Identity" ya kwanza ni hali ya kitu kuwa ni kile kile, hakikugeuka. Katika karne ya 20 likapata maana ya ndani. Erik Erikson, mwanachuoni wa nafsi aliyehamia Marekani, alieneza katika vitabu vyake, kuanzia cha mwaka 1950, fikra ya "identity" kama jibu la kijana kwa suali: mimi ni nani? Baadaye likapanuka zaidi, likawa ni vile ambavyo mtu ajijua na ataka ajulikane, kwa dini, kabila, lugha, nchi au jinsia.

Kiswahili kilichukua njia nyingine. Twasema "utambulisho", kutokana na kutambua. Kiingereza kimeanzia kwenye kuwa kile kile. Sisi tumeanzia kwa mtu mwingine anayekutazama akakujua. Kwa Mswahili, mtu asiyetambuliwa na yeyote utambulisho wake haujakamilika, na ndiyo sababu mgeni huulizwa kwanza: wewe ni wa nani? Tofauti hii ni kubwa. Msomi wa Kiingereza asemapo "my identity", aghlabu asema habari ya ajionavyo mwenyewe. Mzazi wake asikiapo "utambulisho wangu", afahamu habari ya ukoo na jirani. Wote wawili wasema kweli, na hawasikilizani.

Na tukumbuke kuwa utambulisho waweza kutolewa kwa nguvu. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyotekelezwa baada ya vita vikuu vya kwanza, serikali ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika kuchukua kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha madini. Uhuru ulipokuja kikawako kitambulisho cha taifa, lakini sheria ya kuandikisha watu haikuwaingiza wanawake mpaka iliporekebishwa mwaka 1978. Mwanamume alitambuliwa kwa kudhalilishwa, na mwanamke akaachwa bila kutambuliwa.

4. MANENO MATATU YASIYO MAMOJA

Hapa twawaomba wasomaji watulie, kwani hapa ndipo panapotoka matusi mengi. Kiingereza kina "intersex", "transgender" na "sexual orientation", na watu wetu huyatia katika kapu moja. Lakini kila moja lajibu suali mbali. "Intersex" lajibu: mwili umezaliwa vipi? Ni mtu ambaye umbile lake halikukaa wazi upande wa kiume wala wa kike. "Transgender" lajibu: mtu ajionaje? Ni mtu ajijuaye kwa jinsia isiyokuwa ile aliyoandikiwa alipozaliwa. "Sexual orientation" lajibu: matamanio ya mtu yaelekea kwa nani? Hukumu za vitendo zina milango yake katika vitabu vya fiqhi, na huu ni mlango wa lugha. Ila mwenye kutaka kuhukumu, hapana budi ajue kwanza ni suali lipi analolijibu.

Ama huyo wa kwanza, mafaqihi wetu walimjua karne nyingi kabla ya neno "intersex" kuzuka. Walimwita huntha, na aliyefichikana kabisa hali yake wakamwita huntha mushkili. Walimwandikia milango katika sala, katika maziko na katika mirathi. Katika madhehebu ya Imam Shafi'i yeye na warithi wenzake hupewa kila mmoja kile kilicho yakini, na kilichobaki chenye shaka huwekwa mpaka hali yake ibainike au wapatane. Hawakusema hayuko, wala hawakumnyima haki yake.

Tazama sasa lugha ilivyomdhulumu. Katika Kiarabu, huntha na khanithi ni maneno ya herufi tatu zile zile za asili. Kiswahili kikachukua "hanithi", kikalifanya ni mwanamume asiyeweza kazi ya ndoa, kisha likawa tusi la kumtupia yeyote. Hivyo mtoto aliyezaliwa na umbile hilo, ambaye kitabu cha fiqhi chamjua kwa jina la heshima, huitwa mtaani kwa jina la tusi, na wazazi wake wakamficha. Waingereza nao walikuwa na neno lao, "hermaphrodite", lililounganisha majina ya miungu miwili ya Wayunani. Leo wameliacha kwa watu kwa sababu lavunja heshima.

Desemba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi ilitoa uamuzi katika kesi ya mtoto ambaye katika karatasi zake za kuzaliwa, mahali pa umbile, paliwekwa alama ya kuuliza. Mahakama ikaitaka serikali itafute njia ya kuwajua watu hawa na kuwawekea sheria. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, ya kwanza kuwahesabu, walipatikana 1,524 nchini Kenya. Na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto hawa na haki zao. Watu 1,524 waliokubali kuandikwa! Ni wangapi waliofichwa na jamaa zao kwa kuogopa neno moja?

5. "EQUALITY", "EQUITY" NA "DISCRIMINATION"

"Equality" ni usawa, kila mmoja kupata sawa na mwenzake. "Equity" ni kila mmoja kupata anachostahiki kwa hali yake. Kwa hili la pili tunalo neno zuri tunaloliacha lioze, nalo ni insafu. Mwenye kudai "equality" na mwenye kudai "equity" hawadai kitu kimoja, na mwenye kujibu naajibu lile lililodaiwa.

"Discrimination" asili yake ni kutenga kitu na kitu, na zamani lilikuwa sifa: mtu mwenye "discrimination" ni mtu ajuaye kupambanua. Leo aghlabu ni ubaguzi, yaani kutenga bila haki. Basi si kila kupambanua ni kubagua, na wala si kila kubagua kwaweza kufichwa chini ya jina la kupambanua.

"Feminism" ni jina lililotoka Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19, kwa harakati za kudai haki za wanawake. Si madhehebu moja. Huda Sha'rawi aliyeunda chama cha wanawake Misri mwaka 1923, na msomi wa Marekani wa leo, huitwa jina hilo wote wawili, na aliyotaka mmoja siyo yote atakayo mwingine. Mwulize mtu ataka nini, usimwulize jina lake tu.

6. NENO LINAPOFIKA MAHAKAMANI

Huenda mtu akasema: haya ni maneno matupu. Na asikilize. Mwaka 1850 bunge la Uingereza liliweka sheria kwamba neno la kiume katika sheria lichukuliwe kuwa limewaingiza na wanawake. Mwaka 1867 likatoka sheria ya kura yenye neno "man". Wanawake zaidi ya 5,000 wa Manchester wakaomba kuandikishwa, kwa hoja kuwa "man" lawaingiza na wao. Mwaka 1868 mahakama ikawakatalia: kwa kura, "man" ni mwanamume tu. Neno lile lile lililowaingiza wanawake walipotozwa kodi liliwatoa walipotaka kura. Wakangoja mpaka 1918 kwa baadhi yao, na 1928 kwa wote sawa na wanaume.

Kiswahili hakina shida hiyo katika "mtu", wala katika "yeye", wala katika "mwenyekiti", ambapo Waingereza wamelazimika kuacha "chairman" na kutafuta jina jingine. Lakini tusijisifu. Kiingereza chasema "marry" kwa wote wawili, nasi twasema mume ameoa na mke ameolewa. Mkono wa kulia twauita wa kuume. Kila lugha ina ada zake zilizojificha ndani ya nahau.

Sasa tazama Katiba ya Kenya ya mwaka 2010. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi kwa sababu ya "sex", na ibara hiyo hiyo yataka katika vyombo vya kuchaguliwa na kuteuliwa wasizidi thuluthi mbili watu wa "gender" moja. Maneno mawili katika ibara moja! Na hapo "gender" maana yake ni wanaume na wanawake wanaohesabika kwa vichwa. Mabunge yaliyochaguliwa 2013, 2017 na 2022 hayakuitimiza kanuni hiyo, na Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa sababu hiyo, na halikuvunjwa. Mwenye kudhani kuwa neno "gender" katika Katiba ni mafundisho ya kigeni tu, na asome ibara hiyo: ni suali la kuwa mama zetu watakaa barazani au hawatakaa.

Na ibara ya 24 yasema kuwa masharti ya usawa yatapunguzwa kwa kadiri inayolazimu tu, ili sharia ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi katika mambo ya "personal status", ndoa, talaka na mirathi. "Personal status" ni hali ya mtu kisheria, kama kuwa mke, mtalaka au mtoto halali. Mwanamke anayekwenda kudai masurufu yake naajue kuwa neno hili ndilo mlango anaoingilia. Akiandikiwa karatasi kwa Kiingereza asichokifahamu, akatia kidole gumba, huenda ametia sahihi kuiacha haki yake. Hii ndiyo sababu ya somo hili. Waume na wakafundishe wake zao na binti zao maneno haya, na binti waliosoma nawawafundishe baba zao.

MASUALI YA DARASA

1. Eleza tofauti ya "sex" na "gender". Kisha tafuta fomu yoyote nyumbani kwako, uangalie "gender" iliyomo ni ya maana gani katika zile tatu.
2. Taja ada mbili za mtaani kwenu juu ya wanaume au wanawake. Ipi ina asili katika dini, na ipi ni "norm" peke yake? Toa hoja.
3. Andika sentensi ya Kiswahili yenye "insafu" ambayo haiwezi kuandikwa kwa "usawa" bila kugeuka maana.
4. Kwa nini si haki kumwita huntha kwa jina la hanithi? Jibu kwa lugha, kisha kwa fiqhi.
5. "Utambulisho" na "identity" yakutana wapi na yaachana wapi?

Majibu yaletwe katika darasa ijayo, na wanawake wasione haya kuleta yao. Wabillahi ttaufiq.